Katikati ya barabara pawe pa basi

Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, tarehe 10 Mei 2016, wafanyabiashara wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ya hapa Bujumbura, waliokuwa wakienda Kariakoo kufuata mzigo walirudi na sifa za mabasi yenyewe. Marefu, mengine yameunganishwa kwa mpira katikati, yanapita penye foleni kama vile foleni haiyahusu. Sifa hizo zilikuwa za kweli, angalau mwanzoni. Lakini kitu kilichostahili kubebwa hadi huku Bujumbura hakikuwa basi. Kilikuwa ni mahali abiria anapolisubiri. Pale Magomeni, Manzese au Kimara, abiria wa mwendokasi hasimami pembeni ya Barabara ya Morogoro. Anasimama katikati yake, magari yakimpita kushoto na kulia.

Kwa asiyewahi kufika, barabara yenyewe iko hivi. Magari ya kila mtu yana njia zake pande zote mbili. Katikati kuna njia mbili za zege, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na humo hairuhusiwi kuingia gari lolote isipokuwa basi. Kituo kimekaa kati ya njia hizo mbili: jukwaa refu, jembamba, lenye paa, ambalo sakafu yake imeinuliwa mpaka ikalingana na sakafu ya basi. Unavuka barabara, unalipa kwanza, unapita kwenye kizuizi cha chuma, unasubiri. Basi likifika, mlango unafunguka sawa na miguu yako na unaingia bila kupanda ngazi. Mzee mwenye fimbo anaingia vivyo hivyo, na mama aliyebeba mtoto mgongoni na beseni mkononi pia. Konda hahitaji kudai nauli mlangoni, kwa hiyo basi halikai. Awamu ya kwanza ya mradi huo ilikuwa na urefu wa kilomita 20.9, vituo 27 na vituo vikuu vitano.

Nasema mapema ninachotaka, msomaji asije akanitafuta hadi mwisho. Bujumbura inahitaji kitu cha namna hii, kidogo kuliko cha Dar es Salaam na cha gharama ya chini zaidi, na inakihitaji kabla katikati ya barabara zetu hapajajazwa vitu vingine. Najua jibu litakalonirudia: mji wenyewe hauna mafuta, wewe unaleta habari za vituo? Nitalifikia jibu hilo.

Kwanza tuutazame mji. Mwenyezi Mungu aliupa umbo ambalo wapangaji wa usafiri wa miji mingine wangelitamani. Magharibi ni Ziwa Tanganyika. Mashariki milima ya Mumirwa inaanza kupanda palepale nyumba za Kiriri zilipo. Mji uliobanwa hivyo hauna la kufanya ila kurefuka, nao umerefuka kweli. Kaskazini kuna Ngagara, Cibitoke, Mutakura, Kamenge, Kinama, Buterere na Carama. Kusini kuna Kinindo, Kibenga, Musaga, Kanyosha na Ruziba. Kazi, benki, ofisi na biashara kubwa ziko kati ya ncha hizo mbili, Rohero na mitaa inayoizunguka. Asubuhi watu wanatoka ncha zote mbili kuja katikati, na jioni wanarudi walikotoka. Dar es Salaam imetawanyika kuelekea pande nyingi, ndiyo maana mpango wake wa mabasi una awamu sita. Sisi tungetosheka na mstari mmoja, kutoka Kamenge hadi Kanyosha, na matawi mafupi ya kuulisha.

Hesabu ya watu haikatazi jambo hili. Sensa ya 2008 ilikuta karibu watu laki tano ndani ya mji, na kila mwenye macho ameona Carama na Ruziba zilivyojaa nyumba tangu wakati huo. Wengi wa waliojenga huko hawana gari. Wamejenga mbali kwa sababu kiwanja cha karibu hakinunuliki, na wanalipia umbali huo kila siku kwa miguu yao.

Tuje kwenye swali la kwa nini katikati, wakati basi lingeweza kupewa njia ya pembeni. Pembeni pana wenyewe. Tembea jioni kwenye barabara yoyote kubwa ya Bujumbura uhesabu waliopo ukingoni. Yupo muuza vocha chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Yupo mama wa ndagala na beseni lake, amekaa pale mtaro unapoishia. Taksi imepanda nusu kwenye kijia cha waenda kwa miguu ikisubiri mteja. Lori la kiwanda cha bia cha Brarudi linashusha kreti mbele ya baa, na dereva wake hana mahali pengine pa kusimama. Kila baada ya hatua chache kuna uchochoro au lango la nyumba ambapo gari linaingia au linatoka. Kule Kamenge, kwenye barabara ya kitaifa RN1, wanaongezeka vijana wa baiskeli wanaoteremka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi, wale ambao wakati wa kurudi hujishikiza nyuma ya malori yawavute mlimani. Njia ya basi iliyochorwa pembeni, katikati ya watu wote hao, itakufa wiki ya kwanza, na polisi hawatakuwa na makosa. Hata wakitaka kuwaondoa, watawapeleka wapi?

Katikati hapana lango la mtu wala baa, na lori la kreti halina la kushusha hapo. Ndiyo faida yake yote. Zaidi ya hayo, kituo kimoja kinahudumia pande zote mbili: paa moja, taa moja, mlinzi mmoja na muuza tiketi mmoja kwa anayekwenda na anayerudi. Kwa nchi inayohesabu kila mfuko wa saruji, hilo si dogo.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likisemwa, nalo linatuhusu sisi kuliko Watanzania. Tanzania wanaendesha kushoto. Kituo kikiwa katikati ya barabara, kwao kinakuwa upande wa kulia wa basi, ndiyo maana ilibidi mabasi ya njia kuu yatengenezwe yakiwa na milango upande wa kulia. Basi la kawaida la daladala haliwezi kusimama kwenye kituo hicho hata likitaka. Bogotá nchini Colombia, ambako mabasi ya TransMilenio yalianza mwishoni mwa mwaka 2000, wanaendesha kulia, nao walilazimika kuagiza mabasi yenye milango ya kushoto. Mabasi maalumu, bei maalumu, vipuri maalumu.

Burundi tunaendesha kulia, lakini magari yetu mengi yana usukani wa kulia kwa kuwa yametoka Japani, ambako huendeshwa kushoto. Basi dogo lililotengenezewa Japani huja na mlango upande wa kushoto. Huku kwetu, ikiwa fundi hajalikatia mlango wa pili, abiria wake hushukia upande wa magari yanayopita. Kila mzazi wa mji huu anajua hofu ya kumpandisha mtoto wa shule kwenye gari la namna hiyo. Sasa liweke basi hilohilo kwenye njia ya katikati. Ukingo wa kati uko kushoto kwake. Mlango unafungukia moja kwa moja kwenye jukwaa la kituo. Kasoro ambayo imetusumbua miaka yote inageuka kuwa ndiyo inayofaa, na Coaster iliyotumika Japani kwa miaka kumi na mitano inaweza kuanza kazi kesho bila kusubiri kiwanda chochote. Jukwaa halitahitaji kuwa refu kwenda juu kama la Kimara. Linatosha kulingana na ngazi ya kwanza ya Coaster. Siku tutakapokuwa na uwezo wa mabasi makubwa, tutaliinua.

Natia mkazo hapo kwa sababu kinachotutisha kwenye mradi wa Dar es Salaam ni ukubwa wake: mkopo wa Benki ya Dunia, zege la kilomita nyingi, mabasi 140 ya kuanzia. Mtu wa Bujumbura akisikia hayo anakata tamaa kabla hajaanza. Wazo lenyewe halihitaji hayo yote. Linahitaji upana wa mita kumi hivi katikati ya barabara, yaani njia mbili za mabasi na jukwaa jembamba, ukingo ambao gari dogo haliwezi kuuparamia, na utashi wa kuwanyima wakubwa ruhusa ya kupita humo na vioo vyao vyeusi. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko zege.

Kituo cha katikati kina gharama yake pia, na anayekisifu bila kuitaja anadanganya. Ili ukifikie, lazima uvuke magari, na ukishuka lazima uvuke tena. Barabara ya Morogoro ilikuwa hatari kwa waenda kwa miguu tangu zamani. Manzese ilikuwa na daraja la waenda kwa miguu kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza. Addis Ababa ilijenga treni ya mjini, ikaifungua Septemba 2015, na njia zake zikapita katikati ya barabara kubwa na vituo vyake humohumo. Lakini reli ilizungushiwa ukingo, na mtu aliyezoea kuvuka mbele ya mlango wake akajikuta anazunguka mbali kutafuta pa kupita. Marekani, mji wa Chicago uliweka reli katikati ya barabara kuu mpya mwaka 1958. Mpaka leo abiria husubiri treni huku magari yakiwavumia pande zote mbili, na huko kuna baridi ambayo sisi, namshukuru Mungu, hatuijui.

Wahandisi wakiulizwa habari ya kuvuka, wengi hukimbilia daraja la juu. Nawasihi wasituletee. Daraja la juu limejengwa kwa ajili ya gari lisisimame, si kwa ajili ya mtu avuke. Mama mwenye beseni la ndagala kichwani hapandi ngazi arobaini na kuteremka arobaini ili afike kituo anachokiona mbele ya macho yake. Atakimbia katikati ya magari, kisha tutasema watu wetu hawana nidhamu. Kivuko cha chini kinatosha: tuta pana lililoinuliwa, taa, na gari lilazimike kupunguza mwendo. Gari linalopita Musaga au Kamenge linapita kwenye mitaa ya watu, na halitakufa likisimama nusu dakika.

Halafu kuna mito. Mgeni akitazama ramani ya Bujumbura anaona ziwa na milima, lakini aliyezaliwa hapa anajua kwamba mji huu unaongozwa na madaraja. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha inateremka kutoka milimani na kuukata mji vipande, na kila anayetoka kaskazini kwenda kusini lazima apite kwenye daraja moja au jingine. Hapo ndipo foleni inapozaliwa. Njia ya basi inayofika darajani ikakatika, basi likachanganyika na magari mengine, kisha ikaanza tena ng'ambo, haina maana: dakika zote zilizookolewa kwenye njia zinapotea darajani. Kwa hiyo fedha ya kwanza isiende kwenye paa la kituo. Iende kwenye madaraja. Kipimo cha mradi wote kitakuwa upana wa daraja la Ntahangwa na la Muha, na mwanasiasa atakayekata utepe mbele ya kituo kabla ya kupanua daraja atakuwa ametuuzia rangi.

Maji yenyewe nayo tusiyachezee. Dar es Salaam waliweka karakana ya mabasi Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, ambalo kila mwenyeji alijua kuwa hufurika. Likafurika, mara nyingi, mabasi yakiwa ndani. Mvua zikinyesha Jangwani hapapitiki na huduma husimama. Sisi tunayo kumbukumbu ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji yalipoteremka kwenye mitaa ya kaskazini na kuua makumi ya watu. Tunayo Gatumba, ambako ziwa limepanda miaka hii mpaka watu wamehama nyumba zao na barabara ya kwenda Uvira imeliwa na maji. Atakayechora karakana ya mabasi ya Bujumbura aende kwanza akaulize wazee wa Kinama maji hupita wapi.

Nilisema nitafikia suala la mafuta. Burundi haina hata kisima kimoja cha mafuta. Kila lita hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo ndizo zilizoadimika. Miaka ya karibuni tumeona magari yamelala kwenye vituo vya mafuta siku kadhaa, na watu wamepanga mistari kwenye vituo vya basi mpaka usiku. Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na tuktuk zisiingie katikati ya mji. Sababu zilikuwepo, ajali zilikuwa nyingi. Lakini viliondolewa vyombo vitatu bila kuletwa hata kimoja cha kuziba pengo, na mafuta yalipokauka watu wakabaki na viatu vyao. Nenda saa kumi na mbili jioni kwenye barabara ya Kanyosha uone: watumishi wa ofisi wamevua koti wamelibeba mkononi, wanafunzi, wauza nguo, wote wanakwenda kwa miguu kama wanaotoka kwenye ibada moja. Basi moja likitokea, mstari wote unavunjika, mwenye nguvu anaingia kwa dirisha, na mjamzito anabaki.

Je, kituo kitaleta mafuta? Hakitaleta. Lakini mji wenye mafuta machache ndio unaopaswa zaidi kuyatumia kwa hesabu. Hiace inayokwama saa nzima kutoka mjini hadi Kamenge, injini ikinguruma, inachoma mafuta ya safari mbili kwa kazi ya safari moja. Ukiipa njia yake, lita ileile inabeba watu wengi zaidi, na gari lilelile linafanya safari nyingi zaidi kabla ya giza. Ukiipa basi kubwa njia hiyo, faida inaongezeka. Kama kuna mafuta machache ya kugawa, mwenye njia ya katikati awe wa kwanza kuyapata, kabla ya gari la ofisi lenye mtu mmoja nyuma. Na umeme je? Burundi ina maji yanayoteremka, na mtambo wa umeme wa Rusumo peke yake una megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Tanzania. Basi la umeme linahitaji njia isiyo na msongamano na ratiba inayojulikana ili betri yake ihesabike. Njia ya katikati inalipatia vyote viwili. Sisemi tuanze nalo. Nasema tusijifungie mlango.

Wenye kumbukumbu watauliza pia: kituo kikijengwa, mabasi yatatoka wapi? Swali hili ni la haki kuliko yote, maana Afrika Mashariki imejaa vituo visivyo na mabasi. Dar es Salaam ilijenga awamu ya pili, kilomita 20.3 kuelekea Mbagala kwa Barabara ya Kilwa. Zege likakauka, vituo vikasimama, na wakazi wa Mbagala wakaendelea kubanana kwenye daladala pembeni yake kwa muda mrefu huku njia ya basi ikiwa tupu. Mabasi yalikuja mwaka 2025. Nairobi ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 ikachora mstari mwekundu kwenye Barabara Kuu ya Thika kutenga njia ya mabasi ambayo hayakuwepo. Rangi ilifika, mabasi hayakufika. Hata awamu ya kwanza ya Dar, iliyopewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, ilichoka haraka kwa sababu mabasi yalikuwa machache na yaliharibika bila kuletwa mengine ya kutosha. Watu wakarudi kwenye kusukumana, safari hii chini ya paa zuri.

Kwa hiyo mkataba wa mabasi utangulie mkataba wa zege. Hapa tunao OTRACO, shirika la umma la mabasi, ambalo wengi wetu tulikwenda nalo shule na ambalo sasa linajikongoja. Tunao pia wenye Hiace na Coaster, na chama chao ATRABU. Kosa litakuwa kuwaweka kando, kisha kuleta kampuni moja ngeni ipewe njia yote. Dar es Salaam, pamoja na kasoro zake zote, walijaribu kuviingiza vyama vya wenye daladala kwenye kampuni ya kuendesha mabasi hayo. Sisi tuanzie hapo: mwenye Coaster tatu apewe hisa na zamu, alipwe kwa kilomita alizotembea na si kwa vichwa alivyovibana. Na konvuayeri, kijana anayening'inia mlangoni akiita Kamenge, Kamenge, asitupwe. Kituo kinahitaji wauza tiketi, wasafishaji, watu wa kuwaelekeza wazee na kulinda usiku. Yeye anawajua abiria wa njia hiyo kuliko afisa yeyote.

Ulinzi nao si jambo la mwisho. Kituo cha katikati hakina jirani. Hakuna duka linalopakana nacho wala nyumba inayokiangalia dirishani. Katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025, vituo kadhaa vya mwendokasi vilichomwa moto. Sababu za hasira ile ni za Watanzania kuzieleza. Ninachoona mimi ni kwamba kitu cha umma kilichosimama peke yake katikati ya barabara ndicho cha kwanza kuumia, na anayeumia baada yake ni mtu wa kawaida anayehitaji kufika kazini kesho yake. Vituo vyetu viwe vidogo na vyepesi, vya kujengeka upya kwa wiki, visiwe majumba ya vioo.

Nafahamu kwamba macho ya wakuu wetu yako kwenye treni. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, na Burundi ambayo haijawahi kuwa na reli itapata ya kwanza. Naifurahia. Nikeli ya Musongati itapita humo, saruji na ngano vitaingia humo. Lakini mama wa Kinama haendi Uvinza kila asubuhi. Anakwenda mjini, kilomita chache tu, na hizo ndizo zinazomtoa jasho. Dira ya taifa letu inataka nchi iwe imeinuka ifikapo 2040. Sijui nchi itainukaje ikiwa mfanyakazi wake anafika kazini akiwa amechoka kabla hajaanza kazi.

Kuna nafasi moja imefunguka. Tangu mwaka 2025 mikoa imepunguzwa kutoka 18 hadi mitano, na mji wa Bujumbura sasa uko mkoa mmoja na iliyokuwa mikoa ya Bujumbura vijijini, Bubanza na Cibitoke. Zamani barabara ikitoka mjini ilibadilisha wenyewe njiani, na kila mmoja alitazama kipande chake. Leo barabara ya kutoka Kamenge kwenda juu, na ile ya kutoka Kanyosha kufuata ziwa, ziko chini ya utawala mmoja wa mkoa. Mpango mmoja wa basi unawezekana, kama utaandikwa.

Ombi langu kwa wizara yenye dhamana ya barabara na kwa wakuu wa mkoa ni dogo na halihitaji mkopo. Barabara yoyote kubwa ya mji itakayochorwa upya au kupanuliwa kuanzia sasa, pamoja na madaraja yake, iandikwe kwenye mchoro upana wa mita kumi katikati kwa ajili ya basi, hata kama basi hilo litakuja baada ya miaka mitano. Pasipandwe michikichi, pasisimikwe mabango, wala pasijengwe sanamu. Nyumba ikishajengwa au barabara ikishabanwa, kuurudisha upana huo ni kubomoa na kulipa fidia, na fedha hiyo hatuna.

Na wewe msomaji, wakija mtaani kwenu kuweka alama nyekundu kwenye kuta kwa ajili ya barabara mpya, usiulize tu utalipwa kiasi gani. Omba uone mchoro, uangalie katikati pameandikwa nini.